Raba za breki za 1,500 na duka lililofungwa siku 19

Niliahidi somo la kupanga bei za rejareja, lakini kuna ndugu yetu ameniuliza, "Bosi, baiskeli ya gia ya mtumba inafaa kubebea mzigo wa duka huku milimani?" Nikaona nijibu hilo kwanza, maana mimi nimelilipia. Jibu fupi: inafaa, tena sana. Jibu refu ndo hili, kaa vizuri.

Duka langu liko kijijini juu ya Lushoto, upande wa Magamba. Kwa asiyepajua, Mombo kule chini barabara kuu iko kama mita 400 kutoka usawa wa bahari, Lushoto mjini kama mita 1,400, na sisi tuko juu zaidi ya hapo. Yaani ukitoka nyumbani ama unapanda ama unashuka, tambarare ni uwanja wa mpira tu. Watalii wanakuja kuendesha baiskeli kwenye hii milima kwa kujifurahisha na wanalipa hela. Sisi tunashuka na trei za mayai.

Mwanzoni nilikuwa napanda bodaboda. Mara mbili kwa wiki, kwenda na kurudi 6,000, kwa mwezi inakaribia 50,000. Kwa duka la mtaji kama wangu hiyo ni faida ya siku tatu na zaidi inakwenda kwa dereva. Nikanunua baiskeli ya gia ya mtumba kwa 180,000, ikawa inashuka na mayai na matunda damu ya kuuza mjini, kupanda nausukuma mzigo taratibu, ukiwa mkubwa naupakia kwenye Hiace na mimi narudi mwepesi. Ndani ya miezi minne baiskeli imejirudishia hela yake. Hapo nikajiona mjanja.

Sasa sikia ujanja wangu ulipoishia.

Raba za breki za nyuma zilikuwa zimeisha. Nilijua. Ukibana unasikia chuma kinasaga rimu. Na raba zenyewe nilikuwa nazo, zinaning'inia dukani kwangu kwenye msumari, nanunua jozi 900 nauza 1,500. Kila asubuhi naziangalia nasema hapana, hizo ni mtaji, mwenye duka asile mtaji, nitafunga kesho. Wewe unayesoma hapa umenisikia mara ngapi nikisema usile mtaji? Nilishika somo langu mwenyewe kichwa chini miguu juu. Kitu cha kuendeshea biashara si kula mtaji, ni gharama ya biashara, unaandika kwenye daftari kama unavyoandika nauli.

Jumatano moja baada ya mvua ya usiku nikakata njia ya mkato ya miguu badala ya barabara. Nyuma trei nne za mayai zimepangwa juu ya ndoo, zimefungwa kwa mipira ya tyubu. Kona ya pili ina udongo mwekundu umelowa na majani juu yake. Nikabana nyuma, hakuna kitu. Nikabana mbele kwa nguvu nikiwa tayari ndani ya kona. Gurudumu la mbele likasimama, mimi sikusimama. Nikapita juu ya usukani, mikono mbele.

Kuanzia hapo kuna kipande sikikumbuki. Naambiwa walionikuta ni kina mama waliokuwa wanateremka na kuni, na kwamba niliwauliza mara tatu mayai yako wapi. Walinipandisha kwenye pikipiki mshikaki, dereva mbele, mimi katikati, kijana mmoja nyuma amenishika. Nawashukuru mpaka leo. Ila nikuambie kitu ambacho daktari alisema baadaye: mtu akianguka akalalamika shingo, au akasema mikono au miguu ina ganzi, usimwinue wala usimpandishe pikipiki. Mwache alale hapohapo, mtu amshikie kichwa kisicheze, litafutwe gari na kitu kigumu cha kumlaza kama ubao. Mimi shingo ilikuwa nzima. Ilikuwa bahati tu.

Matokeo: mtulinga wa kushoto umevunjika, ule mfupa wa mbele kutoka shingoni kwenda begani. Kichwa kimetikisika. Mkono wa kulia umevimba kwenye kifundo, wakapiga picha, nikaambiwa umeteguka tu, utapoa.

Tuanze na kichwa, maana ndicho kinachoua. Daktari alimwambia mama asiniache peke yangu siku hiyo na usiku wake, na akamtajia mambo ya kunirudisha hospitali mbio bila kusubiri asubuhi: kutapika zaidi ya mara moja, kichwa kuuma kunakozidi badala ya kupungua, usingizi mzito usioamshika, kuongea ovyo, degedege, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, maji au damu kutoka puani au sikioni, mkono au mguu kulegea. Yaandike mahali. Dawa ya maumivu nilipewa parasetamoli peke yake, nikaambiwa nisijinunulie vidonge vingine, maana baadhi vinazidisha damu kuvuja. Hili liwahusu na nyinyi mnaouza vidonge dukani pembeni ya viberiti.

Siku mbili za mwanzo ni kupumzika kwelikweli. Baada ya hapo unaanza kidogokidogo, kutembea uani, kuongea na watu. Simu ilikuwa inanitesa, dakika tano za kuangalia kioo kichwa kinagonga. Redio ya jirani ilikuwa adui yangu. Kwangu ilichukua karibu wiki tatu kutulia. Na mpaka kitulie kabisa hupandi baiskeli hata ya kwenda kisimani, kwa sababu kichwa kikigongwa mara ya pili kabla ya kupona cha kwanza, hatari yake ni kubwa mno.

Helmeti nilikuwa nimevaa, ilikuja na baiskeli. Ilipasuka ufa nyuma mpaka ndani. Baadaye kijana mmoja akaja dukani kuniomba nimuuzie, ana 4,000 mkononi. Nakiri niliitamani ile hela, hali yenyewe ilikuwa mbaya. Lakini kazi ya helmeti inafanywa na lile povu gumu la ndani, likishaminywa mara moja halirudi, hata kama juu inang'aa. Nilikata mikanda yake kwa kisu mbele yake nikaitupa. Alinuna. Kama unauza helmeti za mtumba, ng'oa kitambaa cha ndani uangalie povu, lenye ufa au lililobonyea usiliweke mezani. Na kofia ya ujenzi si helmeti ya baiskeli, imetengenezwa kwa ajili ya kitu kinachodondoka juu ya kichwa, si kwa kichwa kinachokwenda kugonga jiwe. Uvaaji wake: isikae kisogoni kama kibandiko, ishuke mpaka vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda wa kidevuni upitishe kidole kimoja au viwili, si ngumi.

Mtulinga ulipona kwa kuning'iniza mkono na subira. Wengi hupona hivyo, wachache hufanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma, inategemea mfupa umeachana kiasi gani. Kwa mtu mzima hesabu wiki 6 mpaka 12. Mjomba wangu alitaka nipelekwe kwa mzee mmoja anayekanda mifupa, mzee ninayemheshimu, amekanda nusu ya kijiji. Nikamwomba radhi mjomba nikasema hapana. Mfupa uliovunjika una ncha kali, na chini ya mtulinga kuna mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu. Msuli uliokaza ukandwe, mfupa uliovunjika usikandwe. Mjomba alikaa wiki mbili haji kuniona, halafu akaja na kuku.

Sasa ule mkono "ulioteguka". Siku ya kumi na mbili uvimbe umeisha lakini nikitaka kufungua kifuniko cha chupa nalia. Nikarudi, nikapata daktari mwingine, akaniambia niinue kidole gumba juu. Ukiinua hivyo kinatokea kishimo kidogo chini ya gumba, upande wa juu wa kifundo. Akabonyeza hapo kwa kidole, nikaruka. Picha ikapigwa upya, kimfupa kimoja kidogo, alikiita skafoidi, kimevunjika. Akanieleza kwamba kimfupa hicho mara nyingi picha ya siku ya kwanza haionyeshi ufa, unaonekana siku kumi mpaka kumi na nne baadaye. Damu inakifikia kwa shida, ndo maana kinapona polepole, na ukikipuuza kinaweza kisiunge kabisa, ukabaki na kifundo kinachouma maisha. Ni mfupa wa watu wanaoanguka wakikinga kwa kiganja, yaani sisi watu wa baiskeli na bodaboda. Kwa hiyo ukiambiwa umeteguka halafu kile kishimo kinauma ukikibonyeza, usikae nyumbani kuchua na mafuta. Rudi, omba picha nyingine.

Nikafungwa piopi, hogo kama tunavyoita, wiki nane. Hogo nalo lina sheria zake. Likikubana sana, vidole vikawa vya baridi, vya bluu au na ganzi, au maumivu yakawa yanazidi kila saa hata ukimeza dawa, rudi hospitali usiku huohuo. Usisubiri kliniki ya Jumatatu, kuna watu wamepoteza mkono hivyo. Vidole unavichezesha tangu siku ya kwanza, kiwiko pia. Na acha sigara kama unavuta, inachelewesha mfupa kuunga. Mimi sivuti, nilikuwa nakula dagaa na maharage kama niko jeshini.

Haya. Mkono wa kushoto umening'inizwa, wa kulia una hogo. Duka nani anauza?

Hapa ndo somo lenyewe la ukurasa wetu. Duka lilikuwa limefungwa siku 19, na si kwa kukosa mtu. Mama mdogo alijitolea siku ya tatu. Tatizo, bei zote zilikuwa kichwani mwangu. Sukari ya robo, mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, hakuna kilichoandikwa. Wakala wa fedha nilikuwa peke yangu, na namba ya siri huwezi kumpa mtu hata awe mama yako mzazi, kwa hiyo hilo lilikufa. Halafu madeni. Najua wengi wenu mnaandika madeni, hongereni. Mimi nilikuwa najisifu kwamba sihitaji daftari la madeni, nina kichwa kizuri, naweza kukutajia wote na tarehe.

Kichwa hichohicho kikagongwa na jiwe.

Madeni ya zamani niliyakumbuka. Ya wiki ile na ya wiki iliyotangulia yalikuja vipandevipande, wengine sura bila kiasi, wengine kiasi bila sura. Kwa kukisia kwa mzigo uliotoka, nje kulikuwa na 186,000. Watu wakanishangaza, nasema ukweli. Dereva wa boda mmoja alinifuata nyumbani akanipa 12,000 ambayo sikuwa naikumbuka hata kwa ndoto. Bibi mmoja jirani alituma mjukuu na 3,500 na limau. Mwingine, mtu wa kusali naye safu moja, alisema alishanilipa Jumanne ile kabla ya ajali. Labda alinilipa. Mimi siwezi kusema alidanganya, kwa sababu Jumanne ile sinayo. Tangu siku hiyo tukisalimiana kuna kitu kati yetu, na pengine hana kosa lolote. Daftari la 1,000 lingetuokoa wote wawili. Mwisho zilirudi 112,000, zikapotea 74,000.

Hesabu nzima nikaipiga baadaye kwa mkono unaotetemeka: matibabu, picha, hogo na nauli 287,000, bima sikuwa nayo. Faida ya siku 19 za kufunga, nikiweka 14,000 kwa siku, ni 266,000. Madeni 74,000. Jumla 627,000, na mayai sijaweka. Kwa ajili ya raba za 900.

Siku ya ishirini tulifungua. Nilikaa kwenye kiti nje nikitaja bei, mama mdogo anaandika kwenye vipande vya maboksi na kubandika kwenye kila kitu. Ilituchukua siku mbili. Tukaweka daftari moja la mauzo, jingine la madeni ambalo mkopaji mwenyewe anaweka saini au dole gumba. Jioni anahesabu hela mbele yangu. Tulikubaliana 4,000 kwa siku na sukari ya nyumbani, na tuliandika, maana ndugu na ndugu ndo hugombana zaidi kwa hela ambazo hazikuandikwa. Kuna bei aliuza chini wiki ya kwanza, nikataka kupandisha sauti. Nikakumbuka aliniosha uso siku kumi na tisa, nikanyamaza. Na ukweli alikuwa anauza kuliko mimi. Wateja wa kike walikuwa wanakaa, wanaongea, wanaongeza kitu.

Hogo lilipotoka mkono ulikuwa mwembamba kama wa mtoto. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinipa kazi ndogondogo: kuinama na kuuning'iniza mkono wa kushoto uzunguke wenyewe, kukamua kitambaa kilicholowa kwa wa kulia, kusukuma ukuta. Kubeba hapana mpaka aseme. Nilichoka kuliko kubeba gunia. Nilirudi kwenye baiskeli baada ya miezi minne, kwa vipimo vitatu nilivyopewa: niweze kubana breki zote mbili mpaka mwisho bila maumivu, niweze kujiegemeza kwa mikono yote bila bega kuuma, na niweze kugeuza shingo kuangalia nyuma bila kizunguzungu. Wiki ya kwanza uwanjani tu, bila mzigo. Ya pili barabarani. Mzigo nusu, mwezi mzima. Ile kona bado nashuka nasukuma kwa mguu. Wananicheka, wacheke.

Kwa ndugu aliyeuliza, basi, kuhusu kushuka na mzigo. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi kwa sababu ukibana uzito wote unakimbilia mbele, lakini ukiibana ghafla peke yake inakurusha. Bana zote mbili, taratibu, na umalize kupunguza mwendo ukiwa kwenye njia iliyonyooka kabla ya kona. Ndani ya kona acha gurudumu lizunguke. Kwenye mteremko mrefu usishikilie breki moja kwa moja, rimu inapata moto mpaka tyubu inaweza kupasuka. Bana, achia, bana, achia, na ukisikia harufu simama ipoe. Rimu ikilowa breki inachelewa kushika, kwa hiyo baada ya dimbwi bana kidogo uikaushe. Kaa nyuma kidogo ya kiti, viwiko vikunjike, pedeli zilingane, macho yaende unakotaka kupita, si kwenye jiwe unaloliogopa. Mzigo mzito ukae chini, pande mbili zilingane. Trei nne juu ya ndoo ilikuwa ujinga, ukiinama kidogo mzigo unakuvuta mzima.

Kabla ya kushuka mimi nafanya hivi, haifiki dakika mbili: nabana breki moja moja huku nasukuma baiskeli, mkono wa breki ukigusa usukani siendi. Naangalia mwisho wa waya, uzi mmoja ukikatika waya wote unabadilishwa. Naangalia mifereji kwenye raba, ikifutika inatoka. Nati za magurudumu, upepo, mipira ya mzigo. Na simu yenye chaji, nikiwa nimemwambia mama mdogo napita njia gani.

Raba nazibadilisha mwenyewe sasa, natoa kwenye msumari na kuandika kwenye daftari: matumizi ya duka, 900. Mama mdogo ananidai niandike 1,500 kama mteja mwingine yeyote. Bado tunabishana.